Mume na Mke Waliopatana

Faida ya ndoa njema huonekana wazi huko Tibirinzi, katika Wilaya ya Chake Chake, wakati wa mavuno ya karafuu. Mume hupanda mkarafuu akachuma. Jioni mke na watoto huketi pamoja naye kuchambua karafuu na kutenga makonyo. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa. Karafuu mbichi zikirundikwa hupata joto zikaharibika. Zikinyeshewa, bei hushuka.

Basi, wingu likitanda juu ya nyumba yenye ugomvi, nani ataanua? Kila mmoja humngoja mwenziwe, na mali huozea uani.

Lakini waliopatana hushauriana: fedha hii ya chakula, hii ya madaftari, na hii ni akiba, maana mwaka mwingine mikarafuu huzaa haba. Mke naye ana mali yake. Mahari ni haki yake, na kadhalika fedha ya mwani anaoulima, kilimo kilichoenea Zanzibar tangu mwaka 1989. Mume mwema haigusi bila ridhaa yake.

Katika nyumba kama hiyo watoto hushiba na kusoma, na jirani aliyepungukiwa hupata pa kubisha hodi. Kidole kimoja hakivunji chawa.