Vipimo vya damu kabla ya ndoa: karatasi ya labo si hukumu



Vijana wawili wanakuja kwa mchungaji wakiwa na furaha. Familia zimekwisha kuonana, mahari imetolewa, tarehe ya ndoa imewekwa. Mchungaji anawaomba walete vipimo vya damu, kama inavyofanyika leo katika makanisa mengi. Juma moja kabla ya arusi wanarudi na karatasi ya labo. Kwa kijana imeandikwa AS. Kwa binti pia imeandikwa AS. Mtu mmoja katika kamati ya ndoa anasema: "Hawa hawawezi kuoana." Kesho yake mtaa mzima unajua.

Jambo la namna hii linaweza kutokea katika kanisa lolote kati yetu. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe kipimo hiki kinasema nini, na nini hakisemi.

Maana ya AA, AS na SS

Kila mtu anapokea urithi wa mwili kutoka kwa wazazi wake. Urithi huo umeandikwa ndani ya mwili katika sehemu ndogo sana zinazoitwa jeni. Tunapokea nakala mbili za kila jeni: moja ya baba na moja ya mama. Kuna jeni inayoongoza namna mwili unavyotengeneza hemoglobini, ile inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba oksijeni. Nakala ya kawaida inaitwa A. Nakala iliyobadilika inaitwa S.

Mwenye AA amepokea A mbili. Mwenye AS amepokea A moja na S moja: yeye si mgonjwa, na AS yake haitageuka kuwa SS hata akizeeka. Mwenye SS amepokea S kwa baba na S kwa mama. Huyo ndiye mwenye ugonjwa wa drepanositozi, ambao wengi wetu tunauita kwa kifupi SS. Chembe nyekundu za damu yake zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo na kufa mapema. Ndiyo sababu mtoto anaumwa sana mifupa, anaishiwa damu mara kwa mara, na magonjwa mengine yanamshika upesi.

S si laana. Mtoto mwenye AS anakingwa kwa sehemu kubwa na malaria kali. Ndiyo maana S imeenea mahali ambapo malaria imekuwa kali tangu zamani, na Congo ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi wa SS duniani.

Moja kati ya nne

Baba AS na mama AS wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto AA, mbili kati ya nne za AS, na moja kati ya nne ya SS. Tuseme vizuri: kila mimba. Wengine wanafikiri kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Hesabu inaanza upya kila mara. Kuna familia ya AS wawili yenye watoto watano wazima, na kuna nyingine yenye watoto watatu SS.

Mwenye AA akioana na mwenye AS, hatarajiwi kuzaa mtoto SS. Mwenye SS akioana na mwenye AA, watoto wao wote watakuwa AS. Lakini mwenye SS akioana na mwenye AS, nafasi ya mtoto SS ni nusu kwa kila mimba.

Mitego ya kipimo

Mtego wa kwanza ni aina ya kipimo. Katika vituo vingi vya afya wanafanya test ya Emmel: tone la damu linanyimwa oksijeni na kutazamwa kwa mikroskopu. Test hiyo inaonyesha kwamba S ipo, lakini haitenganishi AS na SS. Karatasi ikiandika tu "Emmel positif", bado hamjajua jibu. Kipimo kinachotenganisha kinaitwa elektroforezi ya hemoglobini. Ombeni hicho, hata kama mtalazimika kwenda hospitali kubwa.

Mtego wa pili ni damu ya mtu mwingine. Aliyeongezwa damu karibuni anaweza kupata jibu lisilo lake, kwa sababu labo inapima pia damu aliyopewa. Amwambie daktari, na angoje karibu miezi mitatu.

Mtego wa tatu ni kutafuta mkosaji. Mtoto akiwa SS, mara nyingi ni mama anayelaumiwa: eti ukoo wake una uchawi, eti ameleta damu mbaya. Mama anarudishwa kwao, na baba anaoa mwingine bila kujua kwamba yeye pia anabeba S. Ukweli ni kwamba mtoto SS amepokea S pande zote mbili. Na kama karatasi za wazazi hazipatani na ya mtoto, tusikimbilie kusema mama amezini. Kipimo kinaweza kukosewa, na kuna aina nyingine za hemoglobini ambazo kipimo cha kawaida kinachanganya. Kwanza kirudiwe mbele ya daktari anayefahamu. Katika Yohana 9, wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake. Yesu alikataa mambo yote mawili.

Mtego wa nne ni ulimi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo mengi ya Marekani yalitunga sheria za kupima S kwa raia weusi. Nia ilikuwa kusaidia, lakini watu hawakufundishwa kwanza. Wenye AS wakahesabiwa kama wagonjwa. Wengine walinyimwa kazi au bima, na chuo cha jeshi la anga kiliwakataa mpaka mwaka 1981. Sisi pia tunaweza kufanya hivyo kwa njia ndogo: binti anatajwa mtaani kuwa "yule AS", na wachumba wanamkimbia, wakati yeye hana ugonjwa wowote.

Dawa mpya, na dawa iliyo karibu

Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliruhusu dawa ya Casgevy, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Madaktari wanatoa chembe zinazozaa damu katika mwili wa mgonjwa, wanarekebisha jeni ndani yake, kisha wanazirudisha. Wagonjwa wengi waliotibiwa hivyo wameachana na maumivu makali. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kabla ya kurudishiwa chembe hizo mgonjwa anapewa dawa kali kama za kansa, ambazo zinaweza kumzuia asizae, na anakaa hospitali majuma mengi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtu akija kukuuzia "dawa ya jeni" sokoni au kwa simu, ujue anakudanganya.

Dawa inayoweza kutufikia ni nyingine. Hidroksiurea ni kidonge cha kila siku. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Uganda, Kenya na hapa kwetu Congo, mjini Kinshasa. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezwa damu kulipungua, na vifo pia. Inatolewa na daktari, naye anafuata damu ya mtoto kwa vipimo. Tena kuna mambo ya msingi: penisilini kwa watoto wadogo, chanjo, chandarua, maji mengi ya kunywa, na kukimbia hospitali homa inapopanda. Tunawaombea wagonjwa, na tunawapa dawa zao. Asiwepo mtumishi anayemwambia mama aache dawa ili aonyeshe imani.

Kanisa lifanye nini?

Nchini Nigeria yapo makanisa yanayokataa kubariki ndoa ya AS wawili. Sisi tunaona njia nyingine ni bora. Mafundisho yatolewe mapema, katika vikundi vya vijana na kwaya, ili mtu ajue damu yake kabla ya uchumba, kabla familia hazijatoa mahari. Mchungaji asidai kuona karatasi. Inatosha wachumba wathibitishe kwamba wamepimwa na kuelezwa majibu na daktari. Kamati ya ndoa haina haja ya kujua.

Wakiwa AS wote wawili, waketi na daktari na mchungaji, bila haraka na bila watu wengine. Waambiwe ukweli wote: hatari ni moja kati ya nne kwa kila mimba, na kulea mtoto SS hapa kwetu, ambapo damu ni haba na barabara hufungwa, ni mzigo mzito. Kisha waamue wenyewe. Wakiachana, wasidharauliwe. Wakioana, wasilaumiwe siku mtoto atakapougua.

Na siku hiyo kanisa lisikae mbali. Wababa na vijana wenye afya wanaweza kutoa damu. Wamama wanaweza kulala hospitali kwa zamu, ili mama wa mtoto apumzike. Mfuko wa huduma unaweza kulipia elektroforezi ya wachumba wasio na uwezo. Kanisa linalowaomba vijana kipimo liwe tayari pia kubeba pamoja nao jibu litakalotoka.