Kijana wa Bunia na Timu Iliyoanguka

Wanafunzi wetu hapa Yangambi wanayajua majina ya timu kubwa za Uingereza kama wanavyovijua vijito vinavyoingia katika mto Kongo, na pengine zaidi. Siku ya Jumamosi, palipo na televisheni na mashine ya umeme, utawakuta wamesongamana, mmoja akiitetea Manchester, mwingine Liverpool, wakibishana kama mawakili mbele ya hakimu. Lakini waulize habari za daraja la pili la nchi hiyo, nao watanyamaza. Nani ana haja na habari za walioshindwa? Sisi twaona kwamba hapo wanapitwa na jambo jema. Msimu mmoja wa daraja hilo, ule ulioanza Agosti 2018 ukaisha Mei 2019, watuhusu sisi watu wa upande huu wa Kongo kuliko vikombe vingi vya dhahabu, maana ndani yake alikuwamo mtoto wa Bunia.

Jina lake ni Axel Tuanzebe. Alizaliwa Bunia tarehe 14 Novemba 1997. Mpaka mwaka 2015 Bunia na Yangambi zilikuwa katika jimbo moja kubwa, kabla halijagawanywa kuwa majimbo manne. Na msafiri atokaye Kisangani kwa njia ya Bafwasende, Mambasa na Komanda angali anajua urefu wa safari hiyo kwa maumivu ya mgongo wake. Axel alipelekwa Uingereza akiwa bado mtoto mdogo, akakulia mji wa Rochdale, akasoma huko katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Cuthbert. Alipokuwa na miaka minane tu, Manchester United walimchukua katika shule yao ya mpira. Akapanda ngazi polepole, akiwa beki wa kati: kazi isiyoimbwa sana, kwa kuwa watu humkumbuka afungaye bao na kumsahau aliyezuia mabao matatu.

Sasa tueleze daraja la pili ni nini, kwa ajili ya wale wasiolijua. Timu ni 24. Kila moja hucheza michezo 46, nyumbani na ugenini, katika mvua na baridi, na mara nyingi michezo miwili au mitatu katika juma moja. Timu mbili za juu hupanda moja kwa moja kuingia daraja la kwanza. Msimu ule, ile ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita zilishindana zenyewe kwa zenyewe, na moja tu kati yao ilipanda. Tatu za mwisho hushuka tena. Mwanafunzi aliyerudishwa darasa ataelewa vizuri: yumo tena kati ya wadogo, madaftari ni yale yale, na kila mmoja anamtazama ili aone kama atapita safari hii.

Aston Villa ya Birmingham ndiyo iliyokuwa mwanafunzi huyo. Nayo haikuwa nyumba ndogo. Ilianzishwa mwaka 1874 na vijana wa kanisa moja la Wamethodisti waliotaka mchezo wa kuwashughulisha wakati wa baridi. Mmoja wa viongozi wake, mwuza nguo Mskoti aitwaye William McGregor, ndiye aliyeziandikia timu nyingine barua, na mwaka 1888 ligi ya kwanza ya mpira duniani ikazaliwa. Villa ilikuwa bingwa wa Uingereza mara saba, na mwaka 1982 ikatwaa kombe la mabingwa wa Ulaya kwa kuwafunga Bayern wa Ujerumani bao 1 kwa 0. Basi nyumba yenye sifa hizo ilianguka mwaka 2016. Ilimaliza ya mwisho kabisa katika daraja la kwanza, ikiwa na pointi 17 tu kwa michezo 38.

Watu walidhani itarudi mara moja. Haikurudi. Mwaka wa kwanza ilikuwa ya 13. Mwaka wa pili ikafika hadi mchezo wa mwisho wa kupanda, na tarehe 26 Mei 2018 ikafungwa na Fulham bao moja. Hasara yake ilikuwa kubwa kuliko machozi ya siku ile, kwa sababu mwenye timu alikuwa ametumia fedha kana kwamba wamekwisha kupanda. Majira yale ya joto klabu ikashindwa kulipa kodi ya serikali kwa wakati wake, kukawa na hofu ya kweli kwamba itafungwa. Mchezaji wake kijana, Jack Grealish, mzaliwa wa mji ule ule, nusura auzwe. Ndipo mwezi wa Julai wakaja matajiri wawili, mmoja wao Mwafrika, Nassef Sawiris wa Misri, wakainunua sehemu kubwa ya klabu na kulipa yaliyopasa kulipwa.

Lakini kulipa madeni si kuwa na wachezaji. Villa ikafanya kama afanyavyo mtu mwenye arusi asiyekuwa na viti: ikaazima. Ikamwazima Tammy Abraham kutoka Chelsea awe mfungaji. Ikamwazima Anwar El Ghazi kutoka Lille ya Ufaransa. Ikamwazima Tuanzebe kutoka Manchester United. Ikamwazima pia Yannick Bolasie kutoka Everton, ambaye wazazi wake ni Wakongo na ambaye alikuwa akiichezea timu ya taifa letu. Huyo alikaa nusu ya kwanza ya msimu, kisha akaondoka. Mwisho wa Januari ikamwazima Tyrone Mings kutoka Bournemouth, awe mwenzi wa Tuanzebe katikati ya ulinzi.

Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Twajua kwa nini walisema hivyo, na mara nyingi ni kweli. Mchezaji wa kuazimwa anajua kwamba Juni atarudi kwao. Kwa nini avunje mguu kwa ajili ya nyumba isiyo yake? Hilo ndilo swali lililokuwa juu ya timu ile tangu mchezo wa kwanza.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Tarehe 2 Oktoba, Villa ilipocheza na Preston nyumbani, mtu mmoja katika watazamaji alimtupia mwalimu wa timu, Steve Bruce, kabichi. Naam, kabichi zima. Mchezo uliisha mabao 3 kwa 3, Villa ikikosa penalti katika dakika za mwisho, na kesho yake Bruce akaachishwa kazi. Sisi hatuoni la kuchekesha hapo. Bruce alikuwa na huzuni nyingi mwaka ule, kwa kuwa baba yake na mama yake walikuwa wamefariki miezi michache tu iliyotangulia, na mtu aliyebeba kabichi kutoka nyumbani hadi uwanjani alikuwa na muda wa kutosha njiani wa kufikiri.

Mahali pake akaja Dean Smith, aliyeipenda Villa tangu utoto. Baba yake, Ron, aliwahi kuwa msimamizi wa watazamaji katika uwanja ule ule wa Villa Park. Wakati mwanawe anaukalia uongozi, mzee alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu. Smith hakufanya miujiza. Novemba timu yake ilitoka na Nottingham Forest mabao 5 kwa 5, Abraham akifunga manne peke yake, na kila mwenye macho akaona kwamba timu ifungayo matano na bado isishinde ina mlango usio na komeo. Desemba mambo yakazidi: Grealish akaumia, na Tuanzebe naye akaumia mguu, akakaa nje miezi. Mwishoni mwa Februari Villa ilikuwa nje ya timu sita za juu.

Tarehe 2 Machi Grealish alirudi, na Villa ikaifunga Derby mabao 4 kwa 0. Siku nane baadaye walikwenda kwa majirani zao Birmingham City. Mchezo ulipokuwa ungali mchanga, mtazamaji mmoja aliruka ndani ya uwanja, akamjia Grealish kwa nyuma na kumpiga ngumi. Twawaomba wanafunzi wetu walio wepesi wa hasira wasome vizuri yaliyofuata. Grealish aliinuka, hakurudisha pigo, akaendelea kucheza; na kipindi cha pili akafunga bao pekee la siku ile. Mtu yule alihukumiwa kifungo cha majuma 14.

Kutoka Machi 2 mpaka Aprili 22 Villa ilishinda michezo 10 mfululizo, jambo ambalo klabu haikuwahi kulifanya katika historia yake yote. Tisa ndiyo iliyokuwa kipimo tangu mwaka 1910. Mmoja wa michezo hiyo, dhidi ya Rotherham, waliucheza muda mrefu wakiwa watu 10, Mings akiwa ametolewa nje, nao wakiwa nyuma kwa bao moja. Wakashinda 2 kwa 1. Hapo swali la nguo ya kuazima lilianza kujibiwa.

Lakini siku tuipendayo sisi katika msimu mzima si siku ya ushindi. Ni tarehe 28 Aprili, huko Leeds. Jonathan Kodjia wa Villa, mtu wa Ivory Coast, alikuwa amelala chini ameumia. Wachezaji wa Villa walidhani Leeds watautoa mpira nje, kama ilivyo desturi, wakapunguza mbio. Leeds hawakuutoa, wakaenda wakafunga. Ukazuka ugomvi, watu wakashikana mashati. Sheria haikuvunjwa, na mwamuzi alilihesabu bao. Ndipo mwalimu wa Leeds, Marcelo Bielsa wa Argentina, akapaza sauti kutoka pembeni akiwaamuru vijana wake waiachie Villa ifunge. Albert Adomah, Mghana, akaukokota mpira kuelekea goli bila kuzuiwa, isipokuwa na beki mmoja wa Leeds aliyeshindwa kuimeza amri hiyo, akauweka wavuni. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, na sare ile ikaifunga kabisa njia ya Leeds ya kupanda moja kwa moja.

Jambo hili linabishaniwa. Wengine husema mwalimu hana haki ya kuwanyang'anya vijana wake na watazamaji wake bao halali. Wengine husema kwamba Leeds hawakuwa na matumaini mengi tena, kwa hiyo wema wao haukuwagharimu sana. Sisi twajibu kwamba Bielsa hakupewa nafasi ya kupiga hesabu. Alikuwa na dakika chache, uwanja wake mwenyewe ukipiga kelele. Majuma mawili na nusu baadaye Leeds walitolewa na Derby, wakakaa daraja la pili mwaka mwingine. Walipanda mwaka 2020, mwalimu akiwa yule yule.

Villa ilimaliza ya tano kwa pointi 76. Norwich na Sheffield United zilikuwa zimekwisha kupanda. Ikakutana na West Bromwich, jirani mwingine. Nyumbani ikashinda 2 kwa 1, ugenini ikafungwa 1 kwa 0, wakafikia penalti. Golikipa Jed Steer akazuia mbili. Na huyo Steer naye, ingawa ni mali ya Villa, nusu ya kwanza ya msimu alikuwa ameazimwa na Charlton ya daraja la tatu! Penalti ya kumaliza ikapigwa na Abraham, mtu wa Chelsea.

Tarehe 27 Mei 2019, mbele ya watu 85,826 katika uwanja wa Wembley, Villa ilikutana na Derby. Waliojua hesabu walisema mchezo ule ulikuwa na thamani ya pauni milioni 170 kwa atakayeshinda. El Ghazi akafunga kabla ya mapumziko, naye John McGinn akaongeza la pili kwa kichwa. Derby wakarudisha moja dakika ya 81, na kutoka hapo mpaka mwisho mpira ulikuwa ukiangukia mbele ya lango la Villa kama mvua ya Novemba hapa kwetu. Waliousafisha ni Mings wa Bournemouth na Tuanzebe wa Manchester. Filimbi ilipolia, kijana wa Bunia alikuwa ameipandisha nyumba ambayo ilikuwa imemwazima tu. Kabla ya siku ile, Smith alikuwa amemtembelea baba yake akamwambia kwamba watakapoonana tena atakuwa mwalimu wa daraja la kwanza. Mzee Ron alifariki mwaka uliofuata, katika tauni ya korona.

Miaka mitatu ilipita kati ya kuanguka na kupanda. Hapa Yangambi, penye wataalamu wa michikichi tangu miaka ya 1930, hilo si jambo la kushangaza: mchikichi uliopandwa vizuri huchukua miaka kama mitatu kabla ya kuzaa.

Tuanzebe alirudi Manchester. Oktoba 2020, baada ya kukaa nje miezi mingi kwa maumivu, aliwekwa Paris kuwazuia Neymar na Mbappé, naye akawazuia, Manchester ikashinda 2 kwa 1. Kisha maumivu yakarudi, na mwaka 2021 akatukanwa kwa sababu ya rangi ya ngozi yake. Mwaka 2023 Manchester wakamwacha aende zake. Hakuwa na timu mpaka Septemba, ndipo Ipswich wa daraja la pili wakamchukua. Safari hii hakuazimwa na mtu. Mei 2024 Ipswich walimaliza wa pili kwa pointi 96, wakapanda, naye akiwa kati yao. Mwaka 2025 alihamia Burnley, waliokuwa wamepanda mwaka ule ule kutoka daraja lile lile. Naye ambaye katika ujana wake alizichezea timu za vijana za Uingereza, amekwisha kuivaa jezi ya Kongo.