Ahadi za Kampeni na Biashara Ndogo Ukambani

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Katika kampeni za 2022, muungano wa Kenya Kwanza uliwaahidi wafanyabiashara wadogo shilingi bilioni 50 za mikopo kila mwaka. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba mwaka huo, mkopo wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500, kiasi kisichomtosha mchuuzi wa maembe wa Wote kukodi hata gari la mizigo. Aidha, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, masoko na leseni za biashara ni jukumu la kaunti. Kiwanda cha matunda cha Kalamba, kilichojengwa na Kaunti ya Makueni, ni ushahidi wa uwezo huo. Hivyo basi, mfanyabiashara wa Kitui au Makueni anaposikia ahadi, hana budi kuuliza: mwenye mamlaka ya kuitimiza ni nani, na kwa bajeti ipi?