Herufi-chini katika Matini za Kiswahili Mtandaoni: Fomula za Gesi za Ziwa Kivu na Wasomaji wa Rusizi

Ziwa Kivu, linalopakana na Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, limehifadhi katika maji yake ya kina takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani. Kwa sababu hiyo, fomula CO₂ na CH₄ zimetoka katika vitabu vya kemia na kuingia katika taarifa za umma kuhusu nishati na usalama. Aidha, tangu mwaka 2017, Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya nne ya Rwanda, ni haki ya msomaji wa Nkungu kuzipata taarifa hizo kwa Kiswahili. Hapo ndipo linapozuka suala linaloonekana dogo: ile tarakimu iliyo chini ya mstari huandikwaje, na je, humfikia msomaji ikiwa salama?

Zipo njia mbili, na tofauti yake haionekani kwa macho. Katika njia ya kwanza, mwandishi hutumia tarakimu ya kawaida, kisha huiamuru programu iishushe na kuipunguza. Katika kurasa za HTML amri hiyo ni «sub». Huo ni mtindo tu. Matini yakinakiliwa mahali pasipopokea mitindo, CO₂ hugeuka CO2. Katika njia ya pili hutumiwa alama zinazojitegemea. Mfumo wa Unicode umezitengea tarakimu-chini nafasi kumi, kuanzia U+2080 hadi U+2089, na tarakimu hizo hubaki chini popote zinakonakiliwa.

Kurasa za mtandaoni zinazodai kugeuza maandishi yoyote kuwa herufi-chini hufuata njia hii ya pili, na hapo ndipo udhaifu wake unapojitokeza. Kurasa hizo hazibadilishi umbo la herufi. Huiondoa na kuweka nyingine inayofanana nayo. Unicode haikukusudia kutoa alfabeti nzima ya mapambo. Herufi-chini chache zilikubaliwa kwa mahitaji ya wanafonetiki na wanaisimu, kwa mafungu: h, k, l, m, n, p, s na t ziliongezwa mwaka 2010, ilhali i, r, u na v zimo katika jedwali jingine. Katika toleo la 16 la mwaka 2024, herufi b, c, d, f, g, q, w, y na z hazikuwamo. Kwa hiyo jina «Kivu» hutoka kamili: ₖᵢᵥᵤ. «Nkungu» hukwama kwenye g, «Rusizi» kwenye z, na neno «Kiswahili» lenyewe kwenye w. Ukurasa hulazimika kuiacha herufi hiyo katika ukubwa wake au kuazima alama ya mfumo mwingine wa uandishi. Jicho husamehe, programu ya utafutaji haisamehi.

Makosa ya fomula yana historia yake katika eneo hili. Kibodi za Kifaransa na za Kibelgiji zina kitufe maalumu cha ², lakini hazina cha ₂. Si ajabu basi kwamba mchapaji aliyezizoea huandika CO², yaani tarakimu ya kipeo mahali pa tarakimu inayohesabu atomi. Mwingine huandika Co2, ilhali Co ni kobalti, madini yanayochimbwa Kolwezi. Tarakimu ikidondoka kabisa hubaki CO, yaani kabonimonoksaidi, gesi ya jiko la mkaa inayoua katika chumba kilichofungwa. Hayo si makosa ya urembo.

Kwenye simu, gharama huongezeka. Ujumbe mfupi unaotumia herufi za msingi za GSM hubeba herufi 160. Ikiingia ₂ moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji na kikomo hushuka hadi 70. Tahadhari yenye herufi 150 hugawanywa vipande vitatu, na kwa kawaida mtumaji hutozwa kwa kila kipande. Katika ujumbe wa namna hiyo jina la gesi lafaa kuliko fomula yake.

Lakini jina lipi? Tanzania husema kabonidayoksaidi au hewa ukaa. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Bukavu, istilahi za sayansi hupitia shuleni kwa Kifaransa. Fomula ndiyo pekee isiyobadilika mpakani, na kwa hiyo katika hati rasmi haifai kuachwa: iandikwe kwa mtindo wa «sub» au kwa tarakimu-chini za Unicode, pamoja na jina lake mara inapotajwa kwanza. Herufi-chini za alfabeti ziachiwe wanafonetiki. Wanafunzi wasioona wana sababu zaidi ya kudai hivyo, kwani baadhi ya programu za kusoma kwa sauti huiruka ₂, na nyingine huitamka kwa jina lake la Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili.

Kaskazini mwa ziwa, kandokando ya Goma, wenyeji wana neno lao kwa mabonde ambamo CO₂ hutuama na kuua watu na mifugo: mazuku. Wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Halina tarakimu hata moja, na huingia katika ujumbe wa herufi 160 bila kuongeza gharama.