Jiko la Shule Bila Kuni
Shule nyingi za Tanzania hupika makande na maharage kwa kuni, na moshi wake huwaumiza wapishi kila siku. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shule yenye ng'ombe ina njia nzuri: kinyesi huchanganywa na maji, huingizwa kwenye mtambo usiopitisha hewa, na bakteria hukiozesha hadi kikatoa gesi ya methani ya kupikia. Tope linalobaki ni mbolea ya bustani. Mtambo usiolishwa hufa, kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kuutunza, na wazazi wafugaji wachangie samadi. Kamati za shule zianzie jikoni safari ya nishati safi.