Je, Wajua? Kugeuza gari Kimihurura, na mengine ya indiketa

Je, wajua kwamba gari lililo kwenye kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde? Sasa piga hesabu. Tuseme unahitaji sekunde sita kugeuza gari, tangu uanze kukata usukani hadi unyooke upande wa pili. Katika sekunde hizo sita, mwenzako anayeteremka kutoka mzunguko wa Kigali Convention Centre kuelekea Kimicanga ameshakula mita 100. Kwa hiyo kama huoni mita 100 tupu mbele, na nyingine 100 tupu kwenye vioo, bado huna nafasi hata kama barabara inaonekana nyeupe. Na Kimihurura ni mtaa wa Kigali ulio kilimani: kona moja haijaisha, nyingine imeanza. Mahali pa kuona mbali hivyo pande zote mbili hapapatikani popote upendapo.

Je, wajua kwamba kilima hicho kimeshajulikana duniani kote? Kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na mstari wa kumalizia ulikuwa hapo hapo Convention Centre. Mojawapo ya vipande vilivyowatoa waendesha baiskeli jasho ni mpando wa Kimihurura: kilomita 1.3 za barabara ya mawe, mwinuko wa wastani wa asilimia 6.3. Tadej Pogačar wa Slovenia aliupanda mzunguko baada ya mzunguko, akaondoka na ubingwa. Wewe na mimi tunaupita kwa gari, mara nyingi tukiteremka, na mvua ikinyesha mawe yale huteleza. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayeshuka na mtu mgongoni, akikukuta umelala katikati ya njia unageuza, breki zake hazitamsimamisha upesi kama ambavyo zingefanya kwenye lami kavu.

Basi ugeuzie wapi? Kwenye mzunguko wa magari. Ukiipita njia yako, nenda hadi raundabauti iliyo mbele, zunguka, urudi. Utapoteza dakika chache. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba madereva wengi huona aibu kuzunguka namna hiyo, kana kwamba kila mtu amejua wamepotea.

Je, wajua kwamba mgeni kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hugeuka upande usio wake akifika Kigali? Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Nyumbani kwake mgeni huyo hugeuza gari kwa kukata kulia. Kigali anatakiwa akate kushoto, na kwenye raundabauti azunguke kinyume cha mishale ya saa. Kichwa huzoea upesi. Mkono ndio mkaidi. Katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia, wenzo wa indiketa uko upande wa kulia wa usukani na wa waipa uko kushoto. Katika mengi yenye usukani kushoto ni kinyume chake. Basi utamwona mtu kwenye gari la kukodi, jua la Julai linawaka, anataka kuingia Rugando, na waipa zinafuta kioo kikavu kwa bidii: kru, kru, kru. Nyuma ya gari hakuna taa hata moja inayomwambia mtu lolote.

Anayekuja na gari lake lenye usukani kulia ana shida nyingine. Kigali atakuwa ameketi upande wa ukingo wa barabara, mbali na mstari wa kati. Lori likiwa mbele yake haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imeshachomoza. Huyo asigeuze katikati ya barabara hata kidogo, labda awe na mtu wa kumwangalizia upande wa kushoto.

Je, wajua kwamba indiketa haikupi haki ya njia? Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu mwendo wa magari barabarani, kifungu cha 14, unaweka mambo kwa mpangilio. Kwanza uhakikishe kwamba hutamhatarisha wala kumzuia mtu. Pili utoe ishara iliyo wazi, mapema ya kutosha. Tatu ishara hiyo iendelee muda wote unapogeuka, izimwe mara ukimaliza. Taa ikiharibika, toa mkono. Angalia kipi kimetangulia: macho, ndipo taa. Wengi wetu huwasha indiketa na kukata usukani kwa pumzi moja, na hapo taa haitoi taarifa tena. Inatangaza jambo ambalo limeshatokea.

Nani aliibuni? Mwaka 1914 nyota wa filamu zisizo na sauti, Florence Lawrence, mzaliwa wa Kanada aliyepata jina Marekani, alitengeneza mkono mdogo nyuma ya gari lake ulioinuka kwa kubonyeza kitufe, kuonyesha anakogeukia. Hakusajili hataza, na hakupata senti. Taa za kumetameta za kupinda zilikuja kwenye magari ya Buick ya mwaka 1939. Ulaya iliendelea kwa miaka mingi na vimkono vilivyochomoza ubavuni. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe iliviacha huko kabisa mwaka 1960. Kampuni hiyo hiyo ilifungua kiwanda chake cha kuunganisha magari Kigali mwaka 2018.

Je, wajua kwa nini indiketa yako hubaki ikiwaka baada ya raundabauti? Kinachoizima ni kijino kilichofungwa kwenye mhimili wa usukani. Ukikata kona kubwa, usukani unaporudi kijino hicho huusukuma wenzo mahali pake. Lakini unapotoka kwenye mzunguko usukani umezungushwa kidogo tu, kijino hakifiki, na taa inaendelea tik-tak hadi Kacyiru. Aliye nyuma anadhani unaingia kila kichochoro unachokipita. Pikipiki nyingi za abiria hazina kijino hicho kabisa. Motari akisahau, taa huwaka safari nzima. Kwa hiyo usitoke kwenye njia ya pembeni kwa kuiamini indiketa ya pikipiki peke yake. Tazama gurudumu lake la mbele, na tazama kama amepunguza mwendo.

Wala usitegemee masikio. Tangu 2019 pikipiki za umeme za Ampersand zinabeba abiria Kigali, na sauti yake ni ndogo mno. Zile za petroli ulizisikia kabla hujaziona. Hizi zinahitaji ugeuze shingo.

Kisha kuna suala la upana. Teksi nyeusi za London hutakiwa kugeuka ndani ya nafasi ya karibu mita 8.5. Gari kubwa kama Land Cruiser huhitaji karibu mita 12. Kwenye vijia vya mawe vya Kimihurura hilo maana yake ni mbele, nyuma, mbele tena. Ukilazimika, fanyia ndani ya kijia, usiingie barabara kuu kinyumenyume.

Je, wajua kwamba madereva wa malori wana lugha yao? Kwenye barabara ndefu za Tanzania na Kenya, lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia wakati hakuna njia ya kulia, dereva anakuambia usimpite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuruhusu. Lugha hii haimo kwenye sheria yoyote, lakini imeokoa watu wengi, na huenda imeua pia, kwa sababu taa ile ile ya kulia yaweza kumaanisha kwamba anapinda kulia kweli. Sasa fuata lori hilo hadi Rusumo, kwenye mpaka wa Tanzania na Rwanda, ambako Rais Magufuli na Rais Kagame walifungua kituo cha pamoja cha mpakani tarehe 6 Aprili 2016. Baada ya hapo magari yanahamia kulia, gari linalokuja liko kushoto kwako, na lugha yote inapinduka: indiketa ya kushoto ndiyo inayosema ngoja. Dereva aliyechoka akisahau kubadili, anakukaribisha uingie mbele ya basi.

Na la mwisho, la bei nafuu. Kwa kanuni za Umoja wa Mataifa indiketa humeta mara 60 hadi 120 kwa dakika. Yako ikianza kukimbia upande mmoja kuliko mwingine, kwa magari mengi ni dalili kwamba balbu moja imeungua. Shuka, zunguka gari, utaikuta.