Kina Kipi? Kuhamisha Data za Visima vya Mafuta Kutoka Hifadhidata Hadi Programu ya Kompyuta

Wasomaji wa jarida letu wamezoea kukuta humu makala kuhusu ngeli, fasihi na mbinu za kufundisha sarufi. Safari hii tunawaomba uvumilivu, kwani tutazungumzia visima vya mafuta. Muhula uliopita idara yetu ilipokea kikundi cha wanafunzi wa jiolojia waliotaka kuandika ripoti zao za mazoezi kwa Kiswahili, nasi tukawaandalia orodha ya istilahi. Orodha ile ilikuwa na kosa. Halikuonekana kwenye karatasi. Lilionekana kwenye skrini ya kompyuta, pale kisima kilipochorwa mahali ambapo hakiwezi kuwa. Ikatubidi tukae na wanafunzi wetu tujifunze kazi ambayo tulidhani haituhusu.

Hapa Uganda kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta kando ya Ziwa Albert kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, mwaka 1938. Ukapita muda mrefu sana, hadi mwaka 2006 ndipo kukathibitishwa kuwa yapo mafuta ya kutosha kwa biashara. Tangu hapo visima vya utafiti vimepita 100. Mwalimu wa lugha atapendezwa na majina yake. Ngiri kila msomaji wetu anamjua; Jobi ni nyati na Lyec ni tembo kwa Kiacholi; Mputa ni yule samaki ambaye Waswahili wanamwita sangara. Ni mbuga nzima ya wanyama iliyoandikwa kwenye ramani ya mafuta.

Sasa, data za kisima kimoja ni za namna kadhaa. Kwanza kuna maelezo ya utambulisho: jina la kisima, namba yake, mahali kilipo, na mwinuko wa sakafu ya mtambo wa kuchimbia kutoka usawa wa bahari. Pili kuna vipimo vya njia ya kisima, yaani kimeinama kwa digrii ngapi na kinaelekea upande gani, kila baada ya mita kadhaa. Tatu kuna vipimo vya mwamba. Chombo huteremshwa kwa waya hadi chini, kisha kinapopandishwa hupima miale ya gama, ukinzani wa umeme na mengineyo, mara nyingi kila baada ya mita 0.1524. Msomaji akishangazwa na tarakimu hiyo, ajue ni nusu futi tu. Mita zimeingia lakini futi haijatoka. Mwisho kuna orodha ya matabaka ya mwamba na mahali kila moja linapoanzia.

Yote haya hukaa kwenye hifadhidata, ambayo wenzetu wa Dar es Salaam wanaiita kanzidata, yakiwa yamegawanywa katika majedwali. Mtaalamu anayetaka kuuona mwamba kwa umbo lake huyahamishia kwenye programu ya kuchorea, kama vile Petrel. Vipimo vya mwamba husafiri mara nyingi katika faili la maandishi la mtindo wa LAS, uliobuniwa na chama cha wapimaji visima cha Kanada mwaka 1989. Ni faili ambalo hata sisi tuliweza kulisoma: kila sehemu inaanza kwa alama ya wimbi, kisha herufi. Sehemu ya W inaeleza kisima, sehemu ya C inataja kila kipimo na kizio chake, na sehemu ya A ina tarakimu zenyewe, safu baada ya safu.

Utaratibu una mpangilio wake. Utambulisho huingia kwanza, kisha njia, kisha vipimo na matabaka. Huwezi kuingiza vipimo vya kisima ambacho programu haijakijua, kama vile huwezi kumwandikia alama mwanafunzi ambaye hajasajiliwa. Katika kila hatua programu inauliza swali lile lile: safu hii ya kwako ni ipi kati ya safu zangu? Mtumiaji anajibu kwa kuoanisha majina. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kazi hii, kwa sehemu kubwa, ni tafsiri. Programu haijui maana ya tarakimu 3,000. Inajua tu jina la safu ambamo tarakimu hiyo imewekwa, na jina hilo tumelichagua sisi.

Tuje kwenye kosa letu. Katika orodha yetu tuliandika neno moja, kina, mbele ya istilahi mbili tofauti za kigeni. Tulidhani tofauti yake ni ya kimtindo tu. Katika kisima cha maji cha kijijini hakuna tatizo: kimechimbwa wima, na urefu wa kamba ya ndoo ndio kina chake. Visima vya mafuta si lazima viwe hivyo. Eneo la Kingfisher, kwa mfano, lina mafuta yaliyo chini ya ziwa, na visima vyake huchimbwa kutoka nchi kavu vikiinama kuelekea ziwani. Huko urefu wa kamba ni kitu kimoja na kina ni kitu kingine kabisa.

Tuchukue kisima cha mazoezi chenye tarakimu za kubuni. Sakafu ya mtambo iko mita 630 juu ya usawa wa bahari, ambalo si jambo la ajabu kwa kuwa Ziwa Albert lenyewe liko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Ukipima njia ya kisima kutoka sakafuni hadi mwisho unapata mita 3,000. Ukipima kwenda chini moja kwa moja unapata mita 2,100 tu. Kwa hiyo mwisho wa kisima uko mita 1,470 chini ya usawa wa bahari, nao umesogea zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka chini ya mtambo.

Mwanafunzi aliyesoma orodha yetu alikuta safu mbili, akaona zote zinaitwa kina, akachukua ya kwanza. Vipimo vya njia hakuviingiza, maana hakuona haja. Si kina kimeshaandikwa? Programu isipopewa vipimo vya njia huchukulia kwamba kisima kimekwenda wima. Ikachora mstari ulionyooka chini ya mtambo, ukafika mita 2,370 chini ya usawa wa bahari. Kimo kilipotoka kwa mita 900, na mahali penyewe pakawa nchi kavu badala ya ziwani. Kompyuta haikulalamika. Tarakimu zilikuwa sahihi zote na mchoro ulipendeza. Aliyeona kasoro ni mwenzake, aliyeuliza kwa nini tabaka la kisima hiki liko chini kiasi hicho kuliko la kisima cha jirani.

Tulipokaa kurekebisha, mmoja wetu alipendekeza kina kilichopimwa kwa ile mita 3,000. Mwanafunzi akauliza kwa adabu: “Mwalimu, na kile kingine hakikupimwa?” Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na uzito. Kwa hakika kile kingine hukokotolewa, ila jina tulilopendekeza lilikuwa linaeleza namna tarakimu ilivyopatikana bila kusema ni tarakimu ya kitu gani. Mwishowe tulikubaliana juu ya urefu wa njia kwa ile 3,000, kina wima kwa ile 2,100, na kimo kutoka baharini kwa ile 1,470, ambayo huandikwa na alama ya hasi kwa sababu iko chini ya bahari. Neno kina peke yake tumelifuta katika orodha, na hatujutii.

Jambo la pili Kiswahili kililitatua vizuri kuliko tulivyotarajia. Katika faili za LAS utakuta tarakimu -999.25 hapa na pale. Huo si upimaji. Ni alama ya kawaida ya kuonyesha kwamba mahali hapo hapana kipimo. Asiyejua atakokotoa wastani wa 60, 70, 65 na -999.25, apate hasi 201, ilhali wastani halisi wa vile vipimo vitatu ni 65. Wapo wanaoiondoa alama hiyo na kuweka sifuri, na hilo pia ni baya, kwani sifuri ni jibu. Mwamba wenye uwazi wa sifuri ni mwamba usio na nafasi ya kushika mafuta. Mwamba usio na kipimo hatujui lolote juu yake. Tuliwaambia wanafunzi wafikirie hauna na haujapimwa. Kiambishi -ja- kilifanya kazi ambayo tungeieleza kwa nusu saa.

Kuhusu mahali kisima kilipo, tutasema machache. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya mfumo unaoitwa Arc 1960, na vipokezi vya setilaiti vinatumia WGS 84. Tarakimu zile zile zikisomwa kwa mfumo usio wake, kisima kinahama yapata mita 300. Ni lazima jina la mfumo lisafiri pamoja na tarakimu zake.

Majina nayo yana vituko. Jobi-1, JOBI 1 na Jobi1 kwetu ni kisima kimoja. Kwa kompyuta ni visima vitatu. Ndiyo maana hutumika namba maalumu ya kila kisima. Hata namba si salama ikipitishwa kwenye jedwali la hesabu la kawaida. Huko Marekani namba ya kisima huanza na tarakimu mbili za jimbo, na California ni 04. Jedwali likiichukulia kuwa hesabu linaondoa ile sifuri ya mbele, na kisima kinabaki bila ndugu zake katika hifadhidata. Dawa ni kuiambia programu mapema kwamba safu hiyo ni maandishi. Na ng’ambo ya Ziwa Albert, Kongo, walizoea utaratibu wa Kifaransa ambapo mkato hutenga desimali: 1,470 kwetu ni elfu moja na ushei, kwao ni moja na kidogo. Walimu wenye wanafunzi kutoka Bunia au Bujumbura walitazame hili hata katika madaftari ya kawaida.

Wanafunzi walirudia zoezi kwa orodha mpya, wakaanza na utambulisho, wakaingiza njia, na safari hii kisima kikapinda na kuingia chini ya ziwa kama ilivyotakiwa. Orodha iliyosahihishwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara. Bado istilahi moja inatusumbua: mahali tabaka la mwamba linapoanzia kisima kinapolifikia. Tulijaribu kilele, wanafunzi wakafikiria mlima. Kwa sasa tumeandika mpaka wa juu wa tabaka, ambalo ni refu mno kuwa jina la safu. Mwenye neno fupi zaidi tunamwomba atuletee kabla muhula haujafunguliwa.